Kung'oa Sangari: Kwa Nini Dawa ya Kansa Haiachwi Njiani

(Maelezo yaliyotolewa kwa wahudumu wa afya ya jamii na vikundi vya akina mama na akina baba, Kangemi)



Nimeombwa nijibu swali ambalo wahudumu hukutana nalo kila mara. Mama ametibiwa kansa ya titi. Alipasuliwa, akapewa kemo, uvimbe ukaisha. Sasa ameambiwa ameze kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5, au adungwe sindano kila wiki 3 kwa mwaka mzima. Naye anauliza: "Kama kansa imeisha, hii dawa nyingine ni ya nini?"

Swali hilo si la upuuzi, na jibu lake ni la kufa na kupona. Mtu asiyejua dawa yake inafanya kazi gani, ataiacha siku ile nauli itakapokosekana, au siku ile jirani atakapomwambia, "Si wewe umepona? Hizo vidonge zitakumaliza." Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba karibu wanawake 6,800 nchini Kenya walipatikana na kansa ya titi mwaka huo mmoja. Hakuna kansa nyingine iliyopata wanawake wengi zaidi. Kwa hiyo jambo hili liko katika mitaa yetu, hata kama halisemwi kwa sauti.

Juu pamesafishwa, chini je?

Hebu tuanze shambani. Kila mtu aliyelima sukuma kule bondeni karibu na mto anaijua sangari. Wakikuyu huiita thangari, Wajaluo husema ombugu, na Waluhya lumbugu. Ukiifyeka kwa panga, shamba linang'aa, wapita njia wanakusifu. Mvua ikinyesha mara mbili, tatu, imerudi. Kwa nini? Kwa sababu yale majani siyo sangari yenyewe. Sangari yenyewe inatambaa chini ya udongo. Hata ukiikata vipande kwa jembe, kila kipande kinaweza kuota.

Wanasayansi wengi wamefikia kuona kwamba kansa kadhaa zina tabia inayofanana na hiyo. Seli za uvimbe si sawa zote. Nyingi ni kama majani: zipo, zinakaa nafasi, lakini haziwezi kuanzisha uvimbe mpya. Chache ni kama ile mizizi. Hizo chache huitwa seli shina za kansa.

Ni nani aliyeona jambo hili? Mwaka 1994, kikundi cha Daktari John Dick kule Toronto, Kanada, kilichukua seli za kansa ya damu kutoka kwa wagonjwa na kuzitia ndani ya panya. Wakaona kwamba ni seli chache mno, moja tu katika maelfu kwa maelfu, zilizoweza kuanzisha ugonjwa upya. Mwaka 2003, wenzao wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wakafanya vivyo hivyo na kansa ya titi. Walizitenga seli kwa alama zilizo juu ya ngozi yake. Seli 100 tu za aina moja zilitosha kuotesha uvimbe katika panya. Seli za aina nyingine, hata zikiwa makumi ya maelfu, hazikuotesha kitu.

Kumbe basi uvimbe unaweza kupungua mpaka mkono usiusikie, na mizizi ikabaki. Kemo hushika vizuri seli zinazozaana kwa haraka. Seli shina nyingi hazina haraka. Nyingine zimelala. Tena zina njia za kuisukuma dawa nje na za kujitengeneza zikiharibiwa. Ndiyo maana kansa ya titi yaweza kurudi baada ya miaka 2, miaka 5, hata miaka 15.

Barua zinazoamuru ukuaji

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Je, hiyo mizizi hujuaje wakati wa kulala na wakati wa kuamka?

Mwili wa binadamu una seli shina za kawaida, na hizi ni baraka. Ngozi yako ikichubuka inaota tena. Utando wa ndani wa utumbo unabadilishwa upya kila baada ya siku chache. Damu inatengenezwa katika uboho wa mifupa kila saa. Kazi hiyo yote inafanywa na seli shina. Lakini haziamui zenyewe tu. Zinangojea habari kutoka kwa seli jirani. Habari hiyo huja kama chembechembe ndogo za protini, na kwa Kiswahili chepesi tuziite vichochezi vya ukuaji.

Mtu aliyetufungulia macho hapa ni Stanley Cohen, mwanasayansi Mmarekani. Miaka ya 1950 na 1960 alikuwa akiwadunga panya wachanga maji yaliyotokana na tezi za mate. Akashangaa kuona wanafungua macho na kuota meno siku kadhaa kabla ya wakati wao. Hakusema, "Ni bahati tu." Alitafuta mpaka akaikamata ile protini inayoamuru ngozi ikue. Mwaka 1986 yeye na Mama Rita Levi-Montalcini wa Italia, aliyegundua kichochezi cha ukuaji wa neva, walipewa Tuzo ya Nobel.

Kichochezi ni kama barua. Barua bila sanduku haimfikii mtu. Kwa hiyo kila seli ina vipokezi juu ya ngozi yake. Kichochezi kikifika kwenye kipokezi chake, habari inapokelewa, inapitishwa ndani mkono kwa mkono mpaka kwenye kiini cha seli, na amri inatolewa: "Gawanyika," au "Kaa hai," au "Tulia." Katika mwili wenye afya, barua zinakuja kwa kipimo, na kazi ikiisha zinakoma. Kidonda kikipona, ngozi haiendelei kuota mpaka ikawa mlima.

Kansa huharibu utaratibu huo. Wakati mwingine seli hujiandikia barua yenyewe. Wakati mwingine hutega masanduku mengi kupita kiasi. Na wakati mwingine sanduku linakwama, likawa linapiga kelele "Gawanyika! Gawanyika!" hata kama hakuna barua iliyofika.

Kipokezi kiitwacho HER2

Tuchukue mfano mmoja ambao wagonjwa wetu wanakutana nao hapa Nairobi. Kuna kipokezi kinachoitwa HER2. Ni ndugu wa kile kipokezi kinachopokea kichochezi cha Cohen. Seli ya kawaida ya titi ina nakala 2 za jeni ya HER2. Katika kansa za titi kama 15 hadi 20 kati ya kila 100, nakala hizo zimeongezeka sana, na ngozi ya seli imejaa vipokezi hivyo. Mwaka 1987, Daktari Dennis Slamon na wenzake kule Los Angeles walionyesha kwamba wanawake wenye nakala nyingi walirudiwa na kansa mapema kuliko wengine.

Baadaye, mwaka 2008, wale watafiti wa Michigan waliongeza HER2 katika seli za titi kwenye maabara. Unajua nini kilichoongezeka? Si seli za kawaida tu. Idadi ya seli shina yenyewe iliongezeka. Maana yake ni kwamba kelele za HER2 hazinyweshi majani peke yake. Zinanywesha mizizi. Na dawa ya kuziba kipokezi hicho ilipotiwa, seli shina zikapungua, isipokuwa katika aina zilizokuwa sugu kwa dawa hiyo.

Dawa hiyo ndiyo Herceptin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Hapo mwanzo walipewa wagonjwa ambao kansa ilikuwa imeenea. Mwaka 2005 matokeo yakatoka kuhusu wanawake waliopewa mapema, baada ya upasuaji, wakati ambapo hakuna uvimbe wowote unaoonekana. Hatari ya kansa kurudi ilipungua kwa karibu nusu. Fikirini jambo hilo. Walidungwa dawa bila uvimbe, na ndipo ikawasaidia sana.

Jirani naye ana neno

Lakini mfano wa sangari una mahali unapoishia, na ni lazima niseme ukweli. Jani la sangari haligeuki kuwa mzizi. Seli ya kansa inaweza. Mwaka 2008, watafiti wa maabara ya Robert Weinberg karibu na Boston walionyesha kwamba seli za titi zisizo shina zikipata habari fulani, mojawapo ikiwa kichochezi kiitwacho TGF-beta, zinaweza kubadilika na kuchukua tabia za seli shina. Habari kama hizo hutoka kwa majirani: seli za nyama iliyo kando, seli za mishipa ya damu, hata askari wa mwili wanapokuja mahali penye uvimbe.

Tena si kila kansa inafuata mpango huu wa mizizi na majani kwa namna moja. Wataalamu bado wanabishana juu ya aina nyingi. Hata hivyo, somo letu linazidi kupata nguvu. Kama jani laweza kugeuka mzizi likiitwa, basi haitoshi kung'oa mizizi iliyopo leo. Ni lazima wito wenyewe unyamazishwe, na unyamazishwe kwa muda mrefu.

Homoni ya kike, estrojeni, inatuonyesha vizuri. Seli shina nyingi za kansa ya titi hazina kipokezi cha estrojeni zenyewe. Lakini jirani zake wanacho. Estrojeni inamfikia jirani, na jirani anapeleka kichochezi cha ukuaji kwa seli shina. Ni kama mtu asiye na simu, lakini kila habari anaipata kwa mwenye nyumba. Ukitaka habari isimfikie, mzibe masikio mwenye nyumba.

Kazi hiyo hufanywa na tamoksifeni, kile kidonge kidogo cha kila siku. Kinakaa kwenye kipokezi cha estrojeni ili estrojeni isipate nafasi. Wanawake wenye kansa inayosikia homoni waliomeza tamoksifeni kwa miaka 5 walipunguziwa hatari ya kufa kwa kansa hiyo kwa karibu theluthi moja, na faida hiyo iliendelea kuonekana hata miaka 15 baada ya kuanza. Wengine huongezewa hadi miaka 10. Na kati ya dawa za kansa, hii ni mojawapo ya zile za bei nafuu.

Je, inawahusu watu wetu? Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba kansa ya titi ya Mwafrika mara nyingi haina vipokezi. Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha picha tofauti. Karibu wagonjwa 7 kati ya 10 walikuwa na kipokezi cha estrojeni. Mmoja kati ya 5 hivi ndiye aliyekosa vipokezi vyote vitatu. Hao wa mwisho wanahitaji njia nyingine, hasa upasuaji, kemo na miale, nao wasikate tamaa. Lakini wengi wetu tuna kipokezi ambacho dawa yake ipo.

Somo kutoka kwa kansa ya damu

Mtu atasema, "Hayo ni ya maabara. Tuonyeshe mtu aliyeacha dawa." Haya.

Kuna kansa ya damu inayokwenda polepole, ambayo husababishwa na jeni mbili kuungana vibaya na kutoa amri ya ukuaji isiyokoma. Kidonge cha Glivec, kilichoidhinishwa mwaka 2001, huzima amri hiyo. Ugonjwa uliokuwa ukiua katika miaka michache ukawa ugonjwa wa kuishi nao. Hapa Nairobi, wagonjwa wengi walikipata bila malipo kupitia mpango wa kimataifa ulioendeshwa katika Nairobi Hospital, na wengine walisafiri kutoka mbali.

Mwaka 2010, madaktari wa Ufaransa walitoa habari za wagonjwa 100 ambao damu yao ilikuwa safi kwa miaka 2 au zaidi. Safi kabisa, hata vipimo vikali havikuona kitu. Wakaachishwa dawa chini ya uangalizi. Karibu 6 kati ya kila 10 walirudiwa, wengi wao ndani ya miezi 6. Bahati nzuri walikuwa wakipimwa kila mwezi, wakarudishiwa dawa, nayo ikawashika tena. Seli shina zilikuwa zimelala uboho muda wote huo. Sasa mfikirie mtu aliyeacha mwenyewe hapa kwetu, asiyepimwa na mtu yeyote.

Tufanye nini?

Kwanza, ukiona uvimbe titini au kwapani, chuchu kuingia ndani, au ngozi kuwa kama ganda la chungwa, nenda Kituo cha Afya cha Kangemi, usingoje uume. Kansa ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni. Wanaume pia hupata, ingawa ni wachache.

Pili, msiogope kinyama kukatwa kwa kipimo. Wengi husema, "Ikiguswa na kisu itaenea." Hofu hiyo imewapeleka wengi hospitali wakiwa wamechelewa. Bila kinyama hicho hakuna awezaye kujua seli zako zinasikia barua gani. Uliza matokeo kwa maandishi, na uangalie maneno matatu: ER, PR na HER2. Kama hayapo, uliza kwa heshima, "Daktari, vipokezi vimepimwa?" Uwe na nakala nyumbani. Karatasi hiyo ni ya maana kama hati ya shamba.

Tatu, gharama. Sindano za Herceptin kwa kawaida huwa kama 18 kwa mwaka. Kwa bei ya shilingi 120,000 kila moja, hiyo ni zaidi ya milioni 2, na hakuna harambee ya mtaa inayoweza kuibeba. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba Wizara ya Afya na kampuni ya Roche wamekubaliana bei ya shilingi 40,000, ilipwe na SHA, ile mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kwa hiyo hakikisha umejiandikisha na michango yako iko sawa kabla ya ugonjwa kubisha hodi, na uulize ni hospitali gani zinazotoa huduma hiyo.

Nne, dawa ikikusumbua, sema. Tamoksifeni huleta joto la ghafla na kuvuruga hedhi. Mguu mmoja ukivimba, kifua kikibana, au damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usishike mimba ukiitumia. Herceptin yaweza kuchosha moyo, kwa hiyo moyo hupimwa kila baada ya miezi kadhaa. Mambo haya yana dawa. Kunyamaza na kuacha hakuna dawa.

Tano, kuhusu wale wanaouza chupa pale stejini na kwenye matatu wakisema, "Hii inang'oa mizizi ya kansa." Wamejifunza neno mizizi, lakini hawana kipimo cha kuonyesha mizizi hiyo. Hakuna mmoja anayeweza kukuambia chupa yake inaziba kipokezi kipi. Ukitaka kunywa uji wako wa kienyeji, mwambie daktari, na kidonge usikiache.

Na nyinyi wahudumu, mkienda nyumba ya mgonjwa msiulize tu, "Umepona?" Atajibu, "Nashukuru," na mambo yataishia hapo. Ulizeni, "Vidonge vimebaki vingapi? Siku ya kliniki ni lini? Nauli ipo?" Kikundi cha merry-go-round kikiweka kando nauli ya mtu mmoja kwenda Kenyatta na kurudi, hilo pia ni sehemu ya matibabu.

Maswali yaliyoulizwa

*Sukari hulisha kansa? Nikiacha chai ya sukari nitapona?* Kila seli hutumia sukari, nzuri na mbaya. Kupunguza sukari na unene kunafaa mwili kwa mambo mengi. Lakini kuacha chai hakuzibi kipokezi. Badala ya dawa, hapana.

*Nimesahau vidonge wiki mbili. Nimeharibu kila kitu?* Hapana. Anza tena leo, usimeze viwili kwa pamoja ili kufidia, na umweleze daktari. Hakuna atakayekufukuza.

*Mbona mimi sikupewa dawa hiyo na jirani alipewa?* Kwa sababu seli zako na zake hazisikii barua moja. Kansa ni jina moja la magonjwa mengi. Usiazime vidonge vya mwenzako, na wewe usimpe vyako.

*Nitajuaje kwamba dawa inafanya kazi, kama sioni kitu?* Mama, mkulima mwenye akili haendi shambani siku sangari imefika magotini. Huenda wakati shamba ni safi, akafukua kidogo kidogo, msimu kwa msimu. Ukipita mwaka, na mwaka mwingine, na daktari akipima asione kitu, hiyo ndiyo kazi ya dawa. Endelea.